Kifaranga asiye na jina anamtia hasara mfugaji wa Murongo

MAMA anayenunua vifaranga ishirini wa mwezi mmoja kwenye gulio la Murongo, wilayani Kyerwa, huulizwa na kujibiwa mambo mengi: bei, kama wanakula vizuri, kama tenga litarudishwa. Mambo mawili yatakayoamua kama fedha yake itarudi hayapati jibu la uhakika. Ni kuku wa aina gani, na wangapi kati yao ni majike?

Muuzaji, kwa kawaida, ana jibu. Atasema ni "chotara", neno ambalo siku hizi limebeba kila chenye manyoya ambacho si kuku mweupe wa nyama. Akibanwa kuhusu jinsi, atamshika kifaranga mmoja, atamkunjua bawa, atalitazama kama mtu anayesoma risiti, kisha atatamka: huyu jike, huyu dume. Mnunuzi anaondoka ameridhika. Miezi michache baadaye nusu ya tenga inawika.

Wapo wanaoona hili kuwa jambo la kuchekesha tu, bahati mbaya ya ufugaji. Lakini ukilitazama kwa jicho la uchumi, ni soko ambalo upande mmoja unajua kinachouzwa na upande wa pili unabahatisha. Bei inayopatikana kwenye soko la namna hiyo haiwezi kuwa ya haki hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake.

Murongo ni mji mdogo wa mpakani, ukingoni mwa Mto Kagera, unaotazamana na Kikagati ya Uganda. Zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Karagwe, hadi Kyerwa ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012. Fedha kubwa ya wananchi wa huko hutoka kwenye kahawa, nayo huja kwa msimu. Katikati ya msimu mmoja na mwingine, fedha ya chumvi, sabuni, daftari na nauli ya zahanati hutoka kwenye ndizi, maharage, mayai na kuku wanaojitafutia chini ya migomba.

Mara nyingi kuku hao ni mali ya mama. Kahawa ikishauzwa, fedha yake ina wasemaji wengi, lakini yai halina kikao. Kwa hiyo tenga la vifaranga lililogeuka kuwa tenga la majogoo haliwi hasara ya kaya kwa jumla. Linatoboa mfuko ule mmoja ambao mwanamke anaushika mwenyewe.

Tuanze, basi, na jinsi. Kifaranga wa siku moja hana alama ya nje inayomtofautisha dume na jike, isipokuwa kama wazazi wake walipangwa makusudi ili watoto watofautiane. Hapo ndipo ule mchezo wa kukunjua bawa ulipozaliwa, na hapo ndipo unapokosewa.

Kwa kuku, jinsi ya mtoto haiamuliwi na baba. Jogoo ana kromosomu mbili za jinsi zinazofanana, ambazo wataalamu huziita Z na Z. Koo ana Z moja na W moja. Mtoto akipata W ya mama anakuwa jike, akipata Z ya mama anakuwa dume. Wanaume wanaowalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu wanakosea kwa binadamu, ila kwenye banda la kuku wangekuwa na hoja.

Kutokana na mpangilio huo, kuna sifa ambazo koo huwaachia wanawe wa kiume peke yao, kwa kuwa zinasafiri kwenye ile Z yake moja. Mojawapo ni manyoya ya bawa kuchelewa kuota. Kituo cha kutotolesha kikichukua makoo wa ukoo unaochelewa kuota na kuwapandisha kwa jogoo wa ukoo unaowahi, vifaranga wote wa kike watawahi na wote wa kiume watachelewa. Siku ya kwanza mfanyakazi anakunjua bawa, anaona manyoya marefu, anaweka upande wa majike. Ni kazi ya sekunde chache na inaaminika.

Lakini inaaminika kwa sababu ya mpango ule tu. Kwa vifaranga waliototolewa chini ya migomba, ambao baba yao ni jogoo wa jirani na mama yao hajulikani ukoo wake, urefu wa manyoya ya bawa hausemi lolote kuhusu jinsi. Muuzaji anayeukunjua pale gulioni anaigiza kitendo alichokiona mahali kingine. Pengine anaamini kabisa anachosema, na hilo ndilo linalomfanya aaminike zaidi.

Imani nyingine ni za kale zaidi. Kuna wanaochagua mayai yaliyochongoka wakitaka majogoo na ya mviringo wakitaka majike. Waandishi wa kale wa Ugiriki na Roma nao waliliandika jambo hilo, na hawakukubaliana ni yai lipi linatoa nini, jambo ambalo lingetosha kuwatia watu shaka. Kuna wanaomning'iniza kifaranga kwa miguu waone kama ananyanyua kichwa. Kuna wanaodhani joto la mashine hugeuza jinsi. Joto huamua jinsi ya mamba wa Mto Kagera ndani ya kiota chake mchangani. Kwa kuku jambo limekwisha kabla yai halijatagwa.

Njia ya tatu, ya kuchungulia tundu la haja, ni ya kweli. Wataalamu wa Japani waliieleza kisayansi katika miaka ya 1920 na kuifanya kuwa ujuzi wenye shule zake. Inataka jicho lililozoezwa kwa muda mrefu, na kifaranga awe bado wa saa zake za kwanza. Kwa kifaranga wa mwezi mmoja anayeuzwa gulioni, treni imeshaondoka.

Hata hivyo, mfugaji wa kijijini hakosi kabisa pa kushika. Ipo njia moja inayofanya kazi nyumbani, bila mashine, na inashangaza kwamba haifundishwi sana. Mwenye koo wa milia, yaani yule mwenye mistari ya weusi na weupe kwenye kila unyoya, akimpandisha kwa jogoo mwekundu au mweusi asiye na milia hata kidogo, vifaranga wengi watatoka weusi. Wale wenye doa jeupe utosini ni madume. Wasio na doa ni majike. Milia ya mama, kama ilivyo ile sifa ya manyoya kuchelewa, inakwenda kwa wana wa kiume tu.

Ukigeuza, yaani jogoo wa milia kwa koo asiye na milia, mpango unavunjika, maana jogoo huwapa watoto wa jinsi zote. Jogoo mweupe naye aepukwe, kwa kuwa weupe wa aina fulani hufunika rangi nyingine. Na koo huyo atengwe na majogoo wengine kwa wiki mbili hivi kabla ya kukusanya mayai ya kuatamiwa, kwa sababu mbegu ya jogoo wa awali hukaa mwilini mwa koo kwa siku nyingi.

Ugunduzi wa sifa zinazofuata jinsi kwa kuku ni wa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Reginald Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza alishughulikia namna ya kuwatambua vifaranga wa kiume mapema, ili chakula kichache kilichokuwapo kisiishie kwao. Inafaa kukumbuka kwamba chimbuko la jambo lenyewe lilikuwa uhaba wa chakula cha mifugo. Ndiyo hali ya Murongo leo, bila vita.

Kwa asiye na koo wa milia, dawa ni kusubiri, na kusubiri kuna ratiba yake. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo za dume huanza kukua na kuwekundika, wakati wa jike hubaki mdogo na wa rangi iliyofifia. Miguu ya dume huwa minene kidogo na hatua zake ndefu. Kati ya wiki ya kumi na ya kumi na mbili dalili ya uhakika zaidi hujitokeza: manyoya ya shingoni na ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia, huwa membamba na yenye ncha kwa dume, na ya mviringo kwa jike. Atakayengoja hadi awike atakuwa amechelewa.

Dalili hizi zinafaa kulinganishwa ndani ya kundi moja, la aina moja na la umri mmoja. Tetea wa aina yenye upanga mkubwa anaweza kuonekana pora akiwekwa pembeni ya kienyeji. Hapo ndipo suala la jinsi linaporudi kwenye suala la aina, na kwa kweli hayatenganishwi.

Kuhusu aina, jambo la kwanza la kuondoa ni dhana kwamba rangi ni kitambulisho. Kuroiler, kuku aliyebuniwa na kampuni ya Kegg Farms ya India, aliingia Uganda mwaka 2010 kwa majaribio na baadaye akafika Tanzania. Vifaranga wake hutoka na rangi nyingi: hudhurungi, weusi, wa madoa, wa mistari. Ndivyo walivyo kuku wa asili wa Karagwe na Kyerwa. Sasso, wa asili ya Ufaransa, aliyesambazwa hapa nchini na kampuni ya Silverlands ya mkoani Iringa, mara nyingi huwa mwekundu, lakini mwekundu ndiye pia jogoo wa nusu ya vijiji vya Kagera.

Shingo tupu nayo si cheti cha uasili. Wapo vishingo wa kienyeji, na zipo koo za Sasso zenye shingo tupu. Anachoweza kujua mtazamaji makini ni kwamba kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo amerithi sifa hiyo kwa mzazi mmoja, na aliye mtupu kabisa ameirithi kwa wote wawili. Hiyo haimwambii ni wa kampuni gani.

Kinachosaidia zaidi ni umbo na uzito kwa umri unaojulikana. Kuchi, mmoja wa kuku wa asili ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wamewaeleza, hujionyesha mapema kwa miguu mirefu na kusimama wima. Ching'wekwe ni mfupi na mdogo. Kuku anayeitwa "Malawi", ambaye ni Australorp mweusi aliyechukua jina la nchi iliyomsambaza vijijini kwa miaka mingi, huzaliwa mweusi mwenye tumbo na ncha za mabawa nyeupe. Wapo waliolalamika kwamba wameuziwa mchanganyiko kwa sababu ya weupe huo. Hawakudanganywa, hupotea manyoya ya ukubwani yakishaota.

Wanaodanganywa ni wengine. Vituo vinavyozalisha kuku wa mayai wa rangi ya kahawia huwatambua madume siku ya kwanza kwa rangi: majike ni hudhurungi, madume ni njano iliyofifia. Hao madume hawatatagwa kitu na hukua taratibu kuliko kuku wa nyama, kwa hiyo thamani yao ni ndogo sana. Ujerumani ilipiga marufuku kuwaua kuanzia Januari 1, 2022, baada ya mjadala mrefu. Katika nchi zetu mjadala huo haukuwa na haja, kwa kuwa vifaranga hao hupata soko. Swali ni kwa jina gani.

Kifaranga wa namna hiyo akilelewa wiki tatu na kuingizwa gulioni kama "chotara", mnunuzi anapata kundi ambalo lote ni madume. Hapa hakuna tena bahati wala hesabu ya nusu kwa nusu. Kundi la vifaranga wa umri mmoja, wote weupe-njano, wembamba, na wa bei ya chini kidogo kuliko wenzao, linapaswa kumfanya mnunuzi aulize maswali zaidi. Wanaweza kuwa wa kuku wa nyama, nao hutambulika kwa vifua vipana na miguu minene, na wakilishwa vizuri hupita kilo moja wakiwa na wiki nne. Wakiwa wembamba, mashaka yaongezeke.

Udanganyifu mwingine ni wa taratibu na hauna mwenyewe. Mama ananunua Kuroiler halisi, anafurahia mayai, kisha anawawekea makoo wake wa kienyeji mayai hayo waatamie, na vifaranga anawauza kama Kuroiler. Si mwongo. Hajui tu kwamba kuku huyo ni mchanganyiko uliopangwa, na watoto wake hawafuati wazazi. Wengine watakua vizuri, wengine watarudi nyuma, na mnunuzi wa pili atailaumu aina nzima.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa gulioni. Koo wa kienyeji hutaga mayai machache, kwa kawaida kati ya 40 na 60 kwa mwaka, lakini anaatamia na kulea. Kuroiler hutaga mengi zaidi na kwa sehemu kubwa amepoteza tabia ya kuatamia. Aliyenunua tetea akidhani ni wa kienyeji atasubiri koo asiyelalia mayai. Aliyenunua wa kienyeji akidhani ni Kuroiler atajenga banda na kununua chakula kwa ajili ya mayai yasiyokuja. Wote wawili wamepewa kuku mzima, mwenye afya, asiyefaa kazi waliyomkusudia.

Sasa hesabu. Hata bila udanganyifu wowote, vifaranga ishirini hawagawanyiki kumi kwa kumi kila mara. Kwa hesabu ya bahati tupu, mnunuzi mmoja kati ya wanne wa vifaranga ishirini atapata majogoo 12 au zaidi. Kwa wanaonunua sita, ambao ndio wengi, mmoja kati ya watatu atapata majogoo wanne au zaidi. Mwenye banda la vifaranga elfu moja hasumbuliwi na jambo hili, kwa sababu kwake nusu ni nusu. Anayeumia ni mnunuzi mdogo.

Tena hiyo ni kama tenga halijachambuliwa. Mlezi mzoefu wa vifaranga huanza kuona panga zikiwekundika kabla hajafika sokoni. Mitetea anaowaona wazuri huwabakiza au huwauza asubuhi kwa anaowafahamu. Anayefika gulioni jioni akitafuta bei ya kuteremka ananunua masalia ya macho ya wengine.

Kwa mfano tu, chukulia kifaranga wa mwezi mmoja anauzwa sh. 4,000. Ili kupata tetea mmoja aliyefika wiki ya tisa, wanahitajika vifaranga wawili walio hai, na kama mmoja kati ya watano hufa njiani, inabidi wanunuliwe wawili na nusu, yaani sh. 10,000. Wiki tano za chakula, kwa gramu 50 kwa siku, ni kilo tatu na nusu kwa wale wawili, kwa sh. 1,200 kwa kilo ni sh. 4,200. Jumla sh. 14,200. Pora akiuzwa sh. 5,000, tetea anabaki amegharimu sh. 9,200. Pora asipopata mnunuzi, tetea amegharimu zile sh. 14,200 zote.

Bei hizo zitabadilika kutoka gulio moja hadi jingine, na kila mfugaji aweke zake. Lakini umbo la hesabu halibadiliki. Tetea wa wiki tisa, aliyekwisha kutambulika, akiuzwa sh. 9,000, wanunuzi wengi wa Murongo wataguna na kumwendea wa sh. 4,000. Wanakimbia bei iliyoandikwa na kulipa ile isiyoandikwa.

Watetezi wa hali ilivyo husema jogoo naye ni fedha. Ni kweli, na jambo hilo lisipuuzwe. Pora mwenye afya ana soko Krismasi, Idi, na wakati fedha ya kahawa inapoingia. Tatizo halimo kwa pora mwenyewe, bali kwa pora aliyelipiwa bei ya tetea kisha akafugwa bila mpango. Kuku anayekua hula kati ya gramu 70 na 100 kwa siku akifungiwa. Siku mia moja za kumngoja ni kilo saba hadi kumi za chakula. Akiachwa kujitafutia, chakula hicho hakiwi cha bure, kwa sababu kibanja kina uwezo wake. Mchwa, wadudu na mabaki chini ya migomba vinatosha idadi fulani ya kuku, na kila pora wa ziada anakula sehemu ya koo anayetaga. Kwa makoo kumi, jogoo mmoja anatosha.

Mpaka nao unaongeza ugumu wake. Kati ya Kikagati na Murongo bidhaa na jamaa hupita kila siku, na tenga la vifaranga ni jepesi. Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege, na hofu ya ugonjwa huo si ya kubezwa. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo, mamlaka za Tanzania ziliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitoka Kenya, kwa kutumia sheria ya magonjwa ya mifugo. Picha zake zilizua maneno mengi pande zote mbili.

Hoja ya ugonjwa ilikuwa na uzito. Lakini kwa upande wa soko, hatua ya namna hiyo inamfundisha msafirishaji kitu kimoja tu: afiche kifaranga ametoka wapi. Na kifaranga ambaye asili yake inafichwa ndiye huyo huyo ambaye aina yake, tarehe yake na chanjo zake hazijulikani. Ukali unaoishia mpakani bila kumpa mnunuzi njia halali ya kumjua kuku wake humwacha mnunuzi pale pale alipokuwa.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kila tenga linalouzwa liwe na karatasi moja yenye mambo manne: aina, kituo au mtu aliyetotolesha, tarehe ya kutotolewa, na chanjo zilizotolewa. Mlezi aliyechukua vifaranga wa siku moja kutoka kampuni inayofahamika anayo taarifa hiyo tayari; anachofanya ni kuinakili. Aliyetotolesha nyumbani aandike "mchanganyiko wa nyumbani", na hilo si aibu. Halmashauri inayokata ushuru wa gulio kwa risiti haiwezi kusema kuandika karatasi ni kazi ngumu.

Hatua ya pili ni ya biashara zaidi kuliko ya serikali. Mtindo wa walezi, ambao huchukua vifaranga wa siku moja, huwakuza na kuwachanja kwa mwezi mmoja na kisha huwauza vijijini, umekuwa sehemu ya usambazaji wa Kuroiler tangu India hadi huku kwetu. Kwa Murongo, mlezi anayeweza kubaki na sehemu ya kundi hadi wiki ya tisa au ya kumi, akauza mitetea kwa bei ya mitetea na mapora kwa bei ya mapora, atakuwa anauza kitu ambacho hakipo sokoni leo: uhakika. Anahitaji mtaji wa chakula cha wiki tano hadi sita. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama vimewahi kukopesha kwa mambo yenye hatari kubwa kuliko hiyo.

Wenye fedha kidogo waendelee kununua mchanganyiko wa mwezi mmoja, ila bei ipangwe kwa kujua kwamba nusu ni madume, na wanunue kwa pamoja. Majirani watano wanaonunua vifaranga thelathini, wakawalea mahali pamoja hadi panga zionekane, kisha wakagawana mitetea sawa na kuuza mapora kwa mkupuo, wameondoa sehemu kubwa ya bahati mbaya bila kumlipa mtu yeyote. Ugomvi wa kugawana utakuwapo. Ni mdogo kuliko ule wa mama aliyepata majogoo watano kati ya sita.

Maofisa mifugo nao wana nafasi yao, ila si kwenye semina ya ukumbini. Siku ya gulio, meza moja, vifaranga wa wiki nne, nane na kumi na mbili wa aina tatu, na mtu wa kuwaonyesha wanunuzi upanga, shingo na kiuno. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) na SUA zilishiriki kupima Kuroiler na Sasso katika mazingira ya wafugaji wadogo, kwenye mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) katikati ya muongo wa 2010. Maarifa yapo nchini. Ni usafiri wa kuyafikisha Murongo ndio uliochelewa.

Katika karatasi ile ya mambo manne, kama halmashauri italazimika kuanza na moja, ianze na tarehe ya kutotolewa. Bila umri, upanga mwekundu hausemi kitu, uzito hausemi kitu, na hata ratiba ya chanjo ya mdondo, ile ya tone moja jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, haina mahali pa kuanzia. Tarehe inaweza kuandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha boksi na kufungwa kwenye tenga. Mlezi akiulizwa na wanunuzi kumi siku moja, ataiandika gulio linalofuata bila kushurutishwa na ofisa yeyote.